Figo Zinasemaje?

Katika wodi ya wanaume nilikofanya kazi kwa miaka mingi, raundi kubwa ya Jumatatu ilikuwa na swali lake. Tukifika kwenye kitanda cha mgonjwa wa moyo, daktari kijana husoma faili kwa sauti ya mtu aliyejiandaa tangu usiku: moyo umetanuka, eko, picha ya moyo unavyopiga, inaonyesha chumba cha kushoto kinasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo, presha hivi, mapigo hivi. Bingwa wetu humwacha amalize. Kisha huuliza, "Figo zinasemaje?" Kama jibu la maabara halijarudi, raundi husimama hapo hapo, na mtu mmoja, mara nyingi mimi, hutumwa kulifuata.

Wauguzi wapya walidhani ni mazoea ya uzeeni. Mtu kaletwa hawezi kulala chali, mashine imeonyesha moyo umepanuka, sasa figo zinaingilia wapi? Bingwa hakuwa mwepesi wa kueleza. Wodi yenyewe ndiyo iliyoeleza. Ukikaa mahali pamoja muda wa kutosha unaanza kuhisi, bila kuambiwa, nani atatoka kwa miguu yake na nani atafunikwa shuka. Tulikuwa na dereva wa lori ambaye moyo wake kwenye eko ulitisha. Kila daktari aliyeiona ile picha alitikisa kichwa. Figo zake zilikuwa nzima. Alirudi kliniki mwaka baada ya mwaka, tena akigombana na watu wa foleni. Wengine moyo haukuwa mbaya kiasi hicho, ila kila wakilazwa upya kreatinini imepanda kidogo kuliko safari iliyopita, na safari zenyewe zinazidi kukaribiana. Hao ndio tuliowapoteza.

Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli huitengeneza kila siku kwa kiasi kile kile, na figo huitoa kwenye mkojo. Ikianza kurundikana katika damu, figo zimelegea. Ubaya wake ni kwamba huchelewa kusema: mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake kabla karatasi ya maabara haijaonyesha jambo la kumshtua yeyote. Tena mgonjwa wa moyo wa muda mrefu hukonda. Mikono inabaki mifupa, misuli haipo, na kwa kuwa misuli haipo, taka inayotengenezwa ni kidogo. Basi kreatinini ya mzee aliyekonda inaweza kuonekana nzuri ilhali figo zake ziko hoi. Ndiyo maana siku hizi maabara nyingi huandika pia kiwango cha uchujaji, hesabu inayochanganya kreatinini, umri na jinsia. Zamani hesabu hiyo ilikuwa na kipengele cha rangi: ukiwa mtu mweusi, jibu lako lilizidishwa lionekane kubwa zaidi, kwa kutumia takwimu zilizokusanywa kwa Wamarekani weusi. Mwaka 2021 kipengele hicho kiliondolewa kwenye hesabu inayotumika zaidi Marekani. Nikifikiria wangapi kwetu walipewa figo za kwenye karatasi ambazo mwilini hawakuwa nazo, huwa napatwa na hasira kidogo.

Nilipopata nafasi ya kusoma zaidi, nilikuta swali la bingwa limeshafanyiwa utafiti mkubwa. Mwaka 2000 Hans Hillege wa Groningen, Uholanzi, na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,906 wenye moyo ulioshindwa vibaya. Walitaka kujua ni kipimo gani kinachobashiri kifo vizuri zaidi. Wengi wangetegemea nguvu ya moyo kusukuma ndiyo ishinde. Kilichoshinda ni uchujaji wa figo. Wale waliokuwa kwenye robo ya chini kabisa, chini ya mililita 44 kwa dakika, walikuwa katika hatari ya kufa karibu mara tatu ya wale wa robo ya juu.

Hapa kwetu, mwaka 2014, Abel Makubi na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 427 wa moyo waliofuatiliwa Muhimbili. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 55, umri ambao Ulaya mgonjwa wa namna hii huhesabiwa kijana. Kisababishi kilichoongoza kilikuwa presha, asilimia 45. Katika mambo yaliyoashiria nani atakufa mapema, uwezo wa figo ulikuwamo. Upungufu wa damu ulikuwamo pia, na hilo nalo lina mkono wa figo, kwa sababu figo ndizo zinazotoa homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Jambo jingine lililokuwamo ni kutokuwa na elimu ya shule. Hilo la mwisho halikunishangaza. Nimeona karatasi za kliniki zikirudi zimekunjwa vizuri, hazijasomwa na mtu.

Kwa nini viungo viwili vilivyokaa mbalimbali vishikane kiasi hiki? Figo mbili kwa pamoja hazifiki hata asilimia moja ya uzito wa mtu, lakini hupokea takriban robo au sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku huchuja kama lita 180, kisha hurudisha karibu zote mwilini na kutoa mkojo wa lita moja na nusu hivi. Kazi ya namna hiyo inahitaji msukumo wa damu usiokatika. Moyo ukidhoofu, figo ndizo za mwanzo kuhisi. Nazo hazina namna ya kujua kwamba tatizo ni pampu. Zinachohisi ni damu kidogo inayofika, na mwili wa binadamu tangu zamani umezoea kutafsiri hali hiyo kwa njia moja: mtu huyu anatoka damu, au ana kiu jangwani. Basi hushika chumvi, hushika maji, na kutoa renini, kemikali ambayo Robert Tigerstedt na Per Bergman waliigundua Stockholm mwaka 1898 walipochoma sindano ya maji ya figo za sungura ndani ya sungura wengine na kuona presha ikipanda. Renini huanzisha mnyororo unaobana mishipa na kuongeza chumvi zaidi. Moyo uliokwisha choka unaletewa maji mengi zaidi ya kusukuma, katika mishipa iliyobanwa zaidi. Unachoka zaidi. Figo zinapata damu kidogo zaidi.

Miaka mingi hadithi iliishia hapo: moyo hausukumi, figo zinakauka. Nami niliwafundisha hivyo wanafunzi wa uuguzi, maana ndivyo vitabu vilivyosema. Lakini kuna upande wa pili ambao nadhani ndio mzito zaidi, nao haukupewa nafasi. Damu inayoingia kwenye figo lazima itoke, irudi moyoni kwa mishipa ya vena. Moyo ukishindwa kuipokea, vena zinajaa. Fikiria masika ya Dar es Salaam: uani kwako umechimba mfereji safi kabisa, lakini mtaro mkubwa wa barabarani umefurika hadi juu. Maji ya uani hayaendi popote, hata ukazibua mfereji wako mara ngapi. Figo ya mgonjwa aliyejaa maji iko katika hali hiyo. F. R. Winton alikwisha kulionyesha mwaka 1931 kwa figo za mbwa: alipoongeza shinikizo la vena, mkojo ulipungua. Likasahauliwa. Mwaka 2009 madaktari wa Cleveland, Marekani, walipima wagonjwa waliolazwa na moyo ulioshindwa vibaya, wakakuta kilichoambatana zaidi na figo kuharibika ni shinikizo la vena, kuliko udhaifu wa kusukuma.

Tofauti hii inaamua umpe mgonjwa nini kesho asubuhi. Ukiamini figo zinakauka, utaogopa dawa ya kutoa maji, pengine utamwongezea dripu. Ukiamini zinazama, utatoa maji bila woga. Na mimi niliyaona yote mawili kwenye kitanda cha mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa karakana ya reli, Morogoro. Presha yake iligunduliwa akiwa na miaka arobaini na kitu, katika upimaji wa kazini, na aliitibu kama wanaume wengi wa rika lake walivyoitibu: kichwa kikiuma anameza, kichwa kikitulia anaacha. Alistaafu akiwa na magoti mabovu ya mtu aliyeinama chini ya mabehewa maisha yake yote. Kwa magoti hayo alikuwa mteja wa duka la dawa la mtaani, akinunua diklofenaki kwa karatasi, wakati mwingine mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyemuuliza kitu. Dawa ile hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani, na kemikali hizo hizo ndizo figo iliyobanwa huzitumia kuachia mshipa wake wa kuingizia damu. Kwa kijana mwenye afya haina neno kubwa. Kwa mzee mwenye presha na moyo unaolegea, inaufunga mlango ambao figo ilikuwa inauzuia usifungwe kwa bega. Chumvi inabaki, maji yanabaki.

Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta kakaa kwenye kiti barazani, miguu juu ya ndoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Waone hawa," akanionyesha viatu vyake vya ngozi, "wamenikataa. Vyote viwili kwa siku moja."

Nilibonyeza ugoko kwa kidole gumba, shimo likabaki. Shangazi, mkewe, akaongeza kwamba usiku mzee halali, anakaa ameegemea mito mitatu, na mkojo umekuwa wa kuhesabika. Tulimpeleka hospitali jioni ile ile, si ile niliyofanyia kazi. Kilo 74, mtu ambaye kawaida yake ilikuwa 65. Kreatinini 138, kiwango cha uchujaji 48. Eko: moyo umetanuka, wa presha.

Waliokuwa zamu walianza sindano za lasiksi, dawa ya kutoa maji, na walifanya sawa kabisa, kwa sababu mgonjwa aliyejaa maji kiasi hicho hata utumbo wake umevimba, vidonge havifyonzwi vizuri. Siku ya kwanza mkojo ulifika lita tatu. Mimi nilikaa na jagi ya kupimia na chati kama vile bado niko kazini. Ndugu walinicheka, lakini chati ya maji yanayoingia na yanayotoka ikijazwa kwa kukisia ni afadhali isijazwe. Uzito ulishuka kila asubuhi. Alianza kulala. Halafu, kilo sita zikiwa zimeondoka, likaja jibu la maabara: kreatinini 171.

Hapo kukatokea mambo mawili kwa pamoja. Daktari wa zamu aliandika lasiksi isimamishwe, na enalaprili, dawa yake ya presha, isimamishwe pia, na dripu ianze. Na binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, alipiga simu kutoka Dar es Salaam akiwa amefura: "Dada, dawa zinamuulia baba figo. Waambie waache. Mimi sitaki kusikia habari za kusafishwa damu." Siwezi kumlaumu. Mtaani kwetu neno figo likitajwa watu hawaoni ugonjwa, wanaona mashine, na gharama, na jirani aliyeuza kiwanja.

Dripu ilikuwa bado haijaunganishwa alipopita bingwa wa hospitali ile. Sikumfahamu, lakini alichofanya nilikitambua. Hakuanza na karatasi. Alimwinua mjomba nusu kukaa, akamgeuza uso pembeni, akatazama mshipa wa shingo. Akasikiliza chini ya mapafu. Akabonyeza ugoko. Akauliza jana amelalia mito mingapi. "Mmoja, dokta," akasema mjomba, "na nikaota." Mshipa wa shingo ulikuwa umeshuka lakini bado unaonekana, nyuma ya kiuno bado kulikuwa na uvimbe. Bingwa akafuta dripu, akarudisha lasiksi, enalaprili akaiacha kwa kipimo kile kile. "Kreatinini inayopanda kwa mtu anayekauka vizuri si sawa na inayopanda kwa mtu anayezidi kuvimba," alisema, akaenda kitanda kinachofuata.

Hilo nalo lina ushahidi. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani ulioitwa DOSE uliwagawa wagonjwa 308 waliojaa maji: wengine walipewa kipimo cha kawaida cha dawa ya kutoa maji, wengine kipimo kikubwa mara mbili na nusu. Waliopewa kikubwa walipandisha kreatinini zaidi katika siku zile za mwanzo, lakini baada ya siku 60 haikuonekana kwamba walidhurika. Mwaka uliofuata Marco Metra wa Brescia, Italia, na wenzake walitenganisha makundi: kreatinini iliyopanda kwa mtu ambaye maji yamekwisha haikubashiri kifo, iliyopanda kwa mtu ambaye bado amejaa, ndiyo iliyobashiri. Namba ni ile ile, wagonjwa ni tofauti. Nikiambiwa nichague somo moja tu la kuwaachia wauguzi vijana, ningechagua hili, kwa sababu nimeona watu wengi wakinyimwa dawa nzuri kwa ajili ya namba iliyosomwa bila mgonjwa wake.

Maana dawa hizi zina historia nzito ya kuokoa maisha. Enalaprili na ndugu yake kaptoprili zina asili katika sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca. Maurício Rocha e Silva na wenzake, mwaka 1949, waliona sumu ile inaachia ndani ya damu kitu kinachoshusha presha, wakakiita bradikinini. Mwanafunzi wake, Sérgio Ferreira, akabeba dondoo la sumu hadi London kwa John Vane katika miaka ya 1960, na kutokana na kazi hiyo wakemia wa Marekani, Cushman na Ondetti, wakatengeneza kidonge kinachokata ule mnyororo wa renini. Mwaka 1987 madaktari wa nchi za Skandinavia walijaribu enalaprili kwa wagonjwa 253 wa moyo mahututi. Baada ya miezi sita, katika waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa asilimia 44. Waliopewa enalaprili, asilimia 26. Dawa hiyo hulegeza mshipa wa kutolea damu kwenye chujio la figo, shinikizo linashuka, uchujaji unapungua kidogo, kreatinini inapanda. Ikipanda si zaidi ya asilimia 30 hivi na ikatulia, kwa kawaida huachwa iendelee. Ya mjomba ilikuwa imepanda kama asilimia 24. Alitoka hospitali na kilo 65 na kreatinini 150, akavaa viatu.

Siwezi kusema dawa hizi hazina hatari, maana nimeiona pia. Mwaka 1999 utafiti wa spironolaktoni ulionyesha inapunguza vifo vya wagonjwa wa moyo mahututi kwa asilimia 30. Habari njema, kila mtu akaiandika. Huko Ontario, Kanada, miaka michache baadaye, David Juurlink na wenzake walihesabu na kukuta wazee wanaolazwa kwa potasiamu kupanda wameongezeka sana, na vifo vyake vimeongezeka. Figo zilizolegea hazitoi potasiamu vizuri. Ongeza enalaprili, ongeza spironolaktoni, usipime damu, na siku moja moyo unasimama bila kuaga. Dawa ni nzuri kwa anayepimwa. Na kupimwa kwetu ndiko kwenye shida: mashine ipo, vitendanishi vimeisha, au vitendanishi vipo, mtu anaishi saa nne kutoka mjini na nauli ni ya kuchanga. Nimekaa na wake za wagonjwa nikijaribu kueleza chakula chenye potasiamu nyingi, nikajikuta nataja Morogoro yote: ndizi, maharage, machungwa, parachichi, mchicha, maji ya dafu. Mwishoni nilikuwa nasema punguza dafu na usinunue ile chumvi ya dukani inayouzwa kuwa haina sodiamu, maana nyingi ni potasiamu tupu. Bora mawili yanayofuatwa.

Kwa mjomba nilisimamia mambo machache. Mizani bafuni, na daftari. Akipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, ananipigia kabla hajavimba. Kreatinini na potasiamu kila miezi mitatu, na wiki mbili baada ya kubadili dawa yoyote. Akiharisha au kutapika sana, asimamishe vidonge siku hizo na aje. Dagaa wa chumvi, mwiko. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Diklofenaki, marufuku, nilipitia mwenyewe kwa yule wa duka la dawa nikamwambia kwa heshima zote, naye akaniambia kwa heshima zote kwamba akikataa yeye, mzee atauziwa duka la pili. Goti likabaki na parasetamoli na kitambaa cha moto.

Baadaye zikaja dawa mpya, zile zilizoanza kama dawa za kisukari. Babu yao ni florizini, kemikali iliyopatikana kwenye magome ya mti wa tufaha mwaka 1835. Hufanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Mwaka 2019 utafiti wa dapagliflozini kwa wagonjwa 4,744 wa moyo ulionyesha kuzidiwa kwa moyo au kifo cha moyo kumepungua kwa asilimia 26, awe mgonjwa ana sukari au hana. Mwaka uliofuata dawa hiyo hiyo, kwa wagonjwa 4,304 wa figo, ikapunguza figo kuharibika au kifo cha figo au cha moyo, vyote vikihesabiwa pamoja, kwa asilimia 39. Kidonge kimoja, viungo viwili. Sikumbuki dawa nyingine iliyonifurahisha hivyo nikiwa kazini. Daktari wa Dar es Salaam alimwandikia mjomba. Pensheni ya reli haikuweza kuibeba; watoto walichanga, mwezi mwingine wakachelewa kuchanga, na nadhani kuna miezi ambayo mzee alimeza siku moja akaruka moja ili isiishe. Hakuniambia. Niliona kwenye kopo.

Aliishi vizuri kwa miaka kadhaa. Kisha figo zikashuka, polepole halafu kwa kasi, na ikafika mahali lasiksi ya kiasi chochote haikuvuta mkojo wa kutosha. Muhimbili walikuwa wamekwisha kuanza kupandikiza figo, tangu mwaka 2017, lakini kwa moyo wake ule hakuna ambaye angemweka mezani. Kilichobaki kilikuwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Familia ilikaa kikao. Mjomba alisikiliza wote, akasema maisha yake yote amezihudumia mashine na sasa hataki kuwa zamu ya mashine. Binamu yangu alilia, akabishana, akaacha. Tuliendelea na dawa za kumpunguzia kuhema, na nilimhamishia kitanda sebuleni karibu na dirisha la barazani kwa sababu alitaka kusikia treni ya jioni, hata siku ambazo haikuja.

Kwenye msiba watu waligawanyika. Upande wa wanaume walisema ni moyo, upande wa jikoni walisema ni figo, na kila upande ulinitumia mjumbe nithibitishe. Fomu ya chanzo cha kifo hutaka mnyororo: kilichoua moja kwa moja, kilichosababisha hicho, na cha chini kabisa kilichoanzisha yote. Daktari alikuwa ameandika kushindwa kwa moyo juu, presha chini yake, na figo katika sehemu ya pili ya fomu, pale yanapowekwa magonjwa yaliyochangia. Wajumbe wote wawili niliwajibu, presha. Hawakuridhika, hakuna anayependa kusikia mzee wake kauawa na kitu alichokuwa nacho miaka thelathini bila kuumwa.

Binamu yangu ndiye aliyekaa na jibu hilo. Baada ya arobaini alikuja nyumbani akaniuliza, akiwa ametazama chini, kama na yeye apime. Ana miaka arobaini na kitu, umri ule ule wa baba yake karakana ilipompima. Presha ilikuwa 164 kwa 102. Kreatinini nzuri kabisa. Lakini nilisisitiza wapime na mkojo, kipimo cha kijiti kisichofika bei ya soda mbili, kwa sababu protini kwenye mkojo hutangulia kreatinini kwa miaka, nayo ni onyo kwa figo na kwa moyo pia. Kijiti kikaonyesha protini. Alianzishiwa enalaprili. Mwezi uliofuata akanipigia kulalamika kwamba dawa inamkohoza usiku kucha, mkewe kahamia chumba cha watoto. Nikamweleza ni ile bradikinini ya nyoka wa Brazil, dawa huizuia isivunjwe, ikirundikana inawasha koo. Haina hatari, ila hailazimu kuvumiliwa. Arudi kliniki, asiiache tu. Alirudi, wakambadilishia losatani, kikohozi kikaisha. Anatakiwa kurudia kipimo cha damu wiki hii, na nimeshamkumbusha mara mbili.